Polepole kiasi gani? Niliyojifunza kwenye kinanda cha parokia

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaoanza kinanda parokiani kwetu, hapa Moshi, ni hili: "Mwalimu, nipige polepole kiasi gani?" Wanataka namba. Wangependa niseme 60, au 50, waiweke kwenye metronomu ya simu, kile kipima mwendo kinachohesabu mapigo kwa dakika, tuendelee na mengine. Namba ninaweza kuwapa, na huko mbele nitazitaja, lakini jibu nililopewa mimi, ambalo bado nalishika, halina namba ndani yake: piga kwa mwendo unaokuwezesha kuijua nota inayofuata kabla hujaigusa. Ujue ni kitufe gani, ni kidole gani, na ni sauti gani itakayotoka. Kama kidole ndicho kinachotangulia na akili inakuja nyuma kuangalia kilichotokea, hiyo ni haraka, hata kama metronomu inasoma 40.

Naandika haya kwa sababu watu wengi huambiwa "fanya mazoezi polepole" kisha wakaachwa hapohapo. Wanarudi nyumbani, wanapiga wimbo mzima polepole kuanzia mwanzo hadi mwisho, tena na tena, huku wakiwaza mambo mengine, na baada ya mwezi wanasema njia hii haisaidii. Inasaidia sana. Ila ndani yake kuna kazi nyingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya masikio na kichwa kuliko vidole.

Aliyenifundisha alikuwa mzee wa upande wa Kibosho, mstaafu, aliyejifunza kinanda akiwa kijana wa seminari. Jumamosi, nikishamaliza kazi za nyumbani, nilikuwa napanda Hiace kwenda juu, nashuka karibu na kanisa, namkuta ameshafungua mlango wa pembeni. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu, kaa hapo." Kinanda chake kilikuwa cha kukanyaga, vile vya zamani vya misheni: miguu inakanyaga pedali mbili kwa zamu, hewa inapita kwenye vilimi vya shaba vilivyomo ndani, sauti inatoka. Hakikuhitaji umeme, na miaka ile ya mgawo hilo halikuwa jambo dogo. Lakini kwa mwanafunzi kilikuwa na faida kubwa zaidi ya hiyo. Piano ukiibonyeza, sauti inaanza kufifia palepale. Kinanda cha hewa hakifi mpaka unyanyue kidole. Kwa hiyo kila uzembe wa kuachia unasikika. Ukiachia mapema, panabaki tundu. Ukichelewa, nota mbili zinagongana. Kwa mwendo wa haraka masikio husamehe vitu hivyo. Ukipiga polepole hayasamehe chochote.

Majuma ya mwanzo hakunipa wimbo. Alinipa nota chache tu za mkono wa kulia, kila moja nikiishikilia kwa mapigo manne, miguu ikikanyaga bila kushtuka. Alikuwa ameketi kwenye fomu ya kwaya, macho ameyafumba. "Nataka nisikie mstari mmoja," alisema, "siyo vipande vinne vilivyopangwa." Kushikilia nota kwa mapigo manne kunaacha nafasi kubwa, na ile nafasi ndiyo somo. Ndani yake kidole kinachofuata kinakwenda kukaa juu ya kitufe chake na kusubiri, kimegusa ila hakijabonyeza. Pigo linapofika, hakuna safari tena ya kufanya, ni kushuka tu. Mwalimu aliita hali ile "kufika kabla ya kuitwa". Hadi leo naitumia kupima kama mtu anafanya mazoezi ya polepole kweli au anapiga haraka iliyovutwa. Anayevuta haraka hukaa juu ya nota ya kwanza mpaka dakika ya mwisho, kisha huruka. Mruko ni uleule wa haraka, umewekewa subira katikati.

Kitu kilichonifungua zaidi kuliko vingine ni kubadilisha vidole juu ya kitufe kimoja. Watu wa piano hutegemea pedali ya kulia kuunganisha sauti. Sisi wa kinanda cha kanisa hatuna pedali hiyo, kwa hiyo vidole vyenyewe ndivyo vinavyounganisha. Mkono wa kulia unapiga soprano na alto kwa pamoja, na vidole ni vitano tu. Mara unakuta kidole cha tano, kile kidogo, kiko juu na soprano inataka kupanda zaidi. Unafanya hivi: kitufe kikiwa bado kimebonyezwa na cha tano, unakileta cha nne kikae palepale, kisha unakitoa cha tano kwenda kule kinakohitajika. Anayeimba hasikii chochote. Kwa mwendo wa kawaida wa wimbo jambo lote hili huchukua muda wa kupepesa jicho, na hakuna mtu anayeweza kulijifunza kwa mwendo huo. Nililijifunza kwa kuligawa: pigo la kwanza nabonyeza, la pili naleta kidole kinachopokea, la tatu natoa kile kilichotangulia, la nne mkono umeshatulia na unasubiri. Nota moja, mapigo manne, kila pigo na kazi yake. Ilipokwisha kukaa mkononi nikayabana mapigo manne yakawa mawili, halafu moja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba polepole inaonyesha kazi ambazo haraka inazificha. Mtu anayedhani nota ni tendo moja atashangaa akikuta ni matendo matatu au manne.

Halafu namba za vidole ziandike. Chukua penseli, andika juu ya nota 1 kwa gumba hadi 5 kwa kidole kidogo, siyo kila mahali, bali kwenye kona zile ambapo mkono unageuka. Kesho usitumie vidole vingine. Vidole vikibadilika kila siku, hata kama sauti ni sahihi, mkono unajifunza nyimbo tano tofauti badala ya mmoja.

Kwa nyimbo zetu za kwaya za sauti nne, nilifundishwa kutozipiga zote nne mapema. Wengi hutenganisha mikono, kulia peke yake, kushoto peke yake, na ni sawa, lakini kinanda cha kwaya kinadai zaidi. Anza na soprano na besi, ukuta wa nje. Ukiwa na mwendo ambao unazisikia zote mbili kama watu wawili wanaozungumza, ingiza alto na uache besi. Kisha teno na besi, mkono wa kushoto wote. Kisha alto na teno, ambazo ndizo hupotea, kwa sababu zimefichwa katikati. Mwisho kabisa, piga tatu na uimbe ya nne kwa sol-fa, yaani kwa do, re, mi. Hili la mwisho ndilo gumu na ndilo tamu. Huwezi kuimba "s, l, s, f, m" huku vidole vinapiga sauti nyingine tatu kama hujui kila moja inakwenda wapi. Ukishindwa, umepata jibu la lile swali la mwanzo: mwendo wako bado ni wa haraka, punguza. Sisi tuliokulia kwenye nota za sol-fa tuna bahati hapa. Tumezoea kusoma sauti zote nne kwa kupanga, moja chini ya nyingine, na tumeziimba kabla ya kuzipiga.

Sasa kuhusu makosa, kwa maana hapa ndipo muda mwingi wa mazoezi unapopotelea.

Mwaka 2009, Robert Duke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin walichapisha utafiti walioufanya kwa wapiga piano 17 wa ngazi ya juu. Waliwapa kipande kifupi, vipimo vitatu tu (kipimo ni kisehemu kati ya mstari wima mmoja na unaofuata kwenye nota) kutoka konseto ya piano ya mtunzi Shostakovich, wakawaacha wafanye mazoezi wanavyotaka, kesho yake wakawapima. Waliopiga vizuri zaidi hawakuwa wale waliokaa muda mrefu zaidi, wala waliorudia mara nyingi zaidi. Walikosea kama wengine mwanzoni. Tofauti ilikuwa katika walichofanya baada ya kukosea: walishughulika na kosa palepale, wakatafuta lilipo hasa na chanzo chake, wakabadilisha mwendo kwa makusudi, na hawakuendelea mbele mpaka mahali pale paliponyooka na kutulia. Mara ya kwanza niliposoma habari za utafiti huo nilimkumbuka yule mzee na penseli yake. Alikuwa akisikia kosa hasemi "rudia". Anauliza: "Limeanzia wapi?"

Na karibu mara zote lilikuwa limeanzia nyuma. Nota iliyokosewa ni pale lilipoonekana tu. Ukipita polepole kurudi nyuma utakuta nota mbili kabla yake gumba lilikwenda mahali pasipofaa, au kiganja kiligeuka mapema, au macho yaliondoka kwenye karatasi kutazama vitufe. Rekebisha hapo, na kosa la mbele linatoweka lenyewe. Anayerudia nota iliyokosewa mara ishirini atapiga nota hiyo vizuri akiwa peke yake, na ataikosa tena akifika kutokea nyuma, kwa sababu njia ya kuifikia haijaguswa.

Wazee wetu wa Kichagga walichimba mifongo kuteremsha maji ya mlimani mpaka mashambani, na kila mtoto aliyewahi kutumwa kulinda zamu ya maji anajua kwamba ukingo ukivuja, hutakiwi kungoja jioni. Maji yakishapita mahali mara kadhaa yamejichimbia njia, na kuyarudisha ni kazi kubwa kuliko kuyazuia. Vidole viko hivyohivyo. Kosa lililopigwa mara kumi limeshajichimbia. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu wapunguze mwendo mwanzoni, siku ya kwanza ya wimbo mpya, wakati karatasi bado ni nyeupe, kuliko kuja kupunguza wiki ya tatu.

Njia nyingine niliyoipenda tangu nilipoijua ni kujifunza wimbo kutoka mwisho. Chukua kipimo cha mwisho, kitulize. Kisha ongeza cha kabla yake, upige viwili. Kisha vitatu. Kila unapoanza unaanza na kitu kigeni na unaelekea kwenye kitu unachokijua. Ukianza kila siku kutoka juu, mwanzo wa wimbo unanona na mwisho unakonda, na Misani mkono unapofika ukurasa wa pili unaanza kutetemeka, hasa kanisa likiwa limejaa. Anayejua Moshi mwezi wa Desemba anajua ninachosema. Wachagga wamerudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, Misa ya mkesha watu wamesimama hadi nje, na wimbo wa Utukufu hauna nafasi ya kusimama na kujipanga upya. Siku hiyo ukurasa wa mwisho ndio unaopaswa kuwa umekomaa kuliko yote.

Nikigawa wimbo hivyo huwa napiga kipimo kimoja pamoja na nota ya kwanza ya kinachofuata, kisha nasimama. Ile nota moja ya ziada ni muhimu, ndiyo mshono. Na kule kusimama nako kuna kazi yake. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwapa watu wanaotumia mkono wa kulia kazi ya kubonyeza mfululizo wa namba kwa mkono wa kushoto: sekunde 10 wanafanya, sekunde 10 wanapumzika. Waligundua kwamba katika hatua za mwanzo za kujifunza, maendeleo yao yalijitokeza kwenye yale mapumziko mafupi. Mkono umetulia, ubongo unaendelea. Mimi nilikuwa nikiketi kimya kati ya vipande kwa sababu tu mwalimu alinikataza kupiga mfululizo. Alisema "acha kitue". Sasa nawaambia wanafunzi wasione aibu kukaa mikono mapajani kwa pumzi mbili tatu. Siyo uvivu. Na usingizi vilevile: jaribio la Matthew Walker na wenzake, lililochapishwa 2002, lilionyesha kasi ya vidole kwenye zoezi la aina hiyo kupanda kwa karibu asilimia 20 baada ya usiku wa kulala, bila mazoezi mengine katikati. Kwa hiyo robo saa ya kila jioni inashinda saa mbili za Jumamosi, na mahali pagumu nipapige mwisho kabla ya kulala, polepole na kwa usafi, niondoke nikiwa nimepapiga sawasawa.

Niseme sasa habari ya metronomu, maana niliahidi namba. Kifaa hiki kilisajiliwa na Johann Maelzel mwaka 1815, na zile za kizamani zenye ufito unaoyumba huanzia 40 hadi 208 kwa dakika. Vinanda vingi vya umeme tunavyotumia makanisani, hizi Yamaha za PSR, zina metronomu ndani yake, na programu za bure kwenye simu zipo nyingi. Naitumia, ila namweleza mwanafunzi kwanza kuwa ni shahidi tu, mwalimu ni sikio lake. Wimbo wenye mwendo wa 80 nauanza kwenye 40 au hata chini ya hapo, na ninapokwenda chini namna hiyo naweka mlio kwenye nusu pigo, kwa sababu kati ya mlio na mlio wa 40 kuna bonde refu na mtu hupotea ndani yake. Napanda hatua ndogo. Nikifika mahali ambapo sijui tena nota inayofuata kabla ya kuigusa, nimefika mpaka wa leo. Nashuka ngazi kadhaa, napiga mara moja au mbili kwa utulivu, nafunga kinanda. Sipendi kabisa kumaliza mazoezi kwenye kasi ya juu kabisa niliyoifikia, kwa kuwa mkono huondoka na kumbukumbu ya kuhangaika.

Lakini kupanda ngazi peke yake hakutoshi, na hapa natofautiana na wengi wanaofundisha. Kuna vitu ambavyo mkono unavifanya kwa haraka tofauti na unavyovifanya polepole. Mtu anayepiga polepole huku akinyanyua kila kidole juu sana na kukibamiza, anajenga mwendo ambao kwa 120 hauwezekani. Atakwama kwenye 90 na ataamini kwamba hana kipaji. Polepole lazima itumie matendo yaleyale madogo ya haraka: kidole karibu na kitufe, kifundo cha mkono kimelegea, kiwiko kinaufuata mkono. Nawezaje kuyajua matendo ya haraka kabla sijaweza haraka? Nachukua nota tatu au nne tu, nazipiga kwa kasi yake halisi mara moja, kama mtu anayetupa kitu, nasimama. Natazama mkono ulifanya nini. Kisha naurudisha mwendo uleule polepole. Polepole na vipande vidogo vya haraka vinasaidiana hivyo, kila kimoja kinakisahihisha kingine.

Rachmaninoff, yule Mrusi ambaye mikono yake ilisifika duniani kote, alikuwa akifanya mazoezi polepole kupita kawaida. Mpiga piano wa Marekani, Abram Chasins, alisimulia kwamba alikwenda kumtembelea, akasimama nje ya mlango akisikiliza, na kwa muda mrefu akashindwa kutambua kinachopigwa, maana nota zilikuwa zimeachana mno. Baadaye ndipo akang'amua kuwa ni etude, yaani kipande cha mazoezi, ya Chopin, mojawapo ya zile zinazotisha kwa kasi. Kinachonigusa katika habari hii ni kwamba Rachmaninoff alikuwa ameshaweza. Hakuwa mwanafunzi anayeanza. Watu hudhani polepole ni chumba cha kusubiria, ukishaweza unatoka. Mimi nyimbo ninazozijua vizuri kuliko zote ndizo ninazozirudisha chini mara kwa mara, kwa kuwa ndizo ambazo vidole vinajua na kichwa kimeshasahau. Siku umeme wa hofu unapopita mwilini, vidole vinaacha kujua, na kama kichwa nacho hakijui, hakuna kilichobaki.

Kwetu Wakatoliki kalenda yenyewe inatupa nafasi. Wakati wa Kwaresima kinanda kinaruhusiwa kusaidia uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne na siku za sherehe na sikukuu. Hakuna vipande vya kinanda peke yake wakati wa Komunyo wala watu wanapotoka. Majilio nako kinanda kinapigwa kwa kiasi. Wapigaji wengi huziona siku hizo kama likizo. Mimi nimezifanya msimu wa kulima. Mzigo wa Jumapili unapungua, hakuna anayeniuliza kipande kipya, kwa hiyo natoa nyimbo za Pasaka na kuziweka kwenye mwendo wa chini kabisa majuma yote sita. Mwalimu wetu wa kwaya alishangaa mwanzoni kusikia nyimbo za ufufuko zikipigwa kwa mwendo wa mazishi Jumatano jioni. Sasa amezoea na ananiachia funguo.

Umeme ukikatika, na wakati wa mvua za Aprili hukatika mara nyingi, hatuondoki. Mwanafunzi anakaa mezani, anapiga wimbo juu ya meza huku akiimba sauti ya besi. Au anakaa mbele ya kinanda kilichozima, anafumba macho, anatafuta vitufe vyeusi kwa kugusa, viwili viwili na vitatu vitatu, na kusema kwa sauti nota anayotaka kubonyeza kabla ya kubonyeza. Kwa baadhi yao hiyo ndiyo jioni yenye faida kuliko zote za mwezi, kwa sababu bila sauti hakuna cha kuwadanganya. Ama wanajua, ama hawajui.

Vijana wa sasa wana msaada ambao sisi hatukuwa nao. Kuna mmoja wa Pasua, hapahapa Moshi, anajifunza kwa video za YouTube, na nilimwonyesha kwamba pale kwenye mipangilio anaweza kuweka kasi 0.75 au 0.5 na wimbo ukabaki kwenye ufunguo uleule. Anasikiliza mara mbili bila kugusa kinanda, kisha anaimba, kisha ndiyo anapiga. Amenizidi spidi ya kujifunza nilipokuwa na umri wake, na nafurahi sana. Kitu kimoja tu ninachomkatalia: kile kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo. Wengi wanapiga kila kitu kwenye vitufe vyeupe na kuiachia mashine ihamishe. Kwa Misa ya dharura sawa. Kwa mazoezi hapana. Wimbo uleule anaoujua kwenye C, apigie kwenye D, polepole, akitafuta shapu zake mbili, zile nota zinazopandishwa nusu sauti, ataona kuwa alikuwa anaijua njia ya vidole tu, wimbo wenyewe alikuwa bado hajaujua.

Jambo moja zaidi ambalo watu wa polepole husahau: pumzi. Kinanda cha kwaya kinapiga pamoja na watu wanaovuta hewa. Ukipunguza mwendo hadi nusu, sentensi ya muziki inarefuka na unaweza kupoteza mahali ambapo waimbaji watapumua. Kwa hiyo kwenye karatasi yangu kila alama ya pumzi imezungushiwa duara, na hata kwa mwendo wa chini kabisa mkono unanyanyuka pale, kidogo. Ndugu zetu Walutheri wa KKKT wapiga matarumbeta, wale tunaowasikia kwenye harusi juu ya pikapu, wana shida hii mara mbili, maana pumzi ni yao wenyewe. Jirani yangu anayepiga kwenye kundi mojawapo aliniambia hawezi kupiga mstari mzima kwa nusu mwendo, hewa inaisha. Wao hupunguza mwendo na kukata mstari vipande, kila kipande na pumzi yake, kisha wanaunga. Nimemwibia wazo hilo. Ninapofundisha sasa naanza na kuuliza: hapa kwaya inapumua wapi? Vipande vya mazoezi vinakatwa hapo, siyo mwisho wa ukurasa.

Jumamosi, kwenye zoezi la mwisho kabla ya Misa, polepole inakoma. Siku hiyo sirekebishi kidole wala sibadilishi namba niliyoiandika kwa penseli, hata nikiona nyingine nzuri zaidi. Hiyo itasubiri Jumatatu. Namtazama mwalimu wa kwaya mkononi, nachukua mwendo anaoutaka yeye, na sehemu ngumu ikipita na tundu, inapita. Jumatatu narudi na ile karatasi, natafuta tundu lilianzia wapi, na naanza tena na kipimo cha mwisho.